KUHODHI DAWA NA KUHODHI HABARI

(Hotuba iliyosomwa Nachingwea mbele ya wanachama wa Visiwani wafanyao biashara katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa)



Tumetakiwa tuseme juu ya chanjo na haki. Sisi si waganga. Ni wenye maduka, na elimu yetu ni ya chuoni. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba afichaye chakula siku ya njaa ili bei ipande amedhulumu, ijapokuwa mali ni yake. Wanazuoni huliita jambo hilo ihtikari. Sisi twaita kuhodhi. Basi ikiwa kuhodhi mchele ni dhulma, kuhodhi kinga ya maradhi yaliyoenea dunia nzima tukuiteje?

Tutazameni hesabu. Uingereza ilianza kuchanja watu wake dhidi ya Korona tarehe 8 Desemba, 2020. Tarehe 18 Januari, 2021, mkuu wa Shirika la Afya Duniani alitangaza kwamba katika nchi 49 zenye uwezo zilikwisha kutolewa dozi zaidi ya milioni 39, na katika nchi moja ya zile maskini kabisa zilitolewa dozi 25. Hatusemi milioni 25, wala elfu 25. Ni 25.

Na bei je? Afrika Kusini ilitakiwa kulipa dola 5 na senti 25 kwa dozi ya AstraZeneca, hali Umoja wa Ulaya ulilipa dola 2 na senti chache kwa dawa ile ile. Nyinyi mliopo hapa mmezoea kuona bei ya korosho na ufuta ikitangazwa mnadani mbele ya wakulima. Mikataba ya chanjo ilifungwa kwa siri, na aliye maskini akauziwa ghali kuliko tajiri.

Wenye viwanda husema: tulitia mtaji, tuna haki ya faida. Hatukatai, faida ni halali. Lakini utafiti ule uligharimiwa pia na hazina za serikali, yaani kodi za raia, na serikali zilinunua kabla ya mali kuwa tayari. Aliyekopeshwa mtaji na umma hawezi kusema kuwa ghala ni lake peke yake. Kadhalika, maradhi yaachwayo yakaenea kwa wanyonge huzaa sura mpya, na sura hiyo haiombi pasi mpakani.

Lakini ndugu zangu, haitakuwa insafu tukiwalaumu wa mbali tukawaacha wa karibu. Habari nayo huhodhiwa. Mwaka 2020 Serikali ilitoa hesabu iliyofikia wagonjwa 509 na maiti 21, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Tarehe 1 Februari, 2021, Waziri wa Afya alisema kuwa nchi haina mpango wa kupokea chanjo. Siku zile zile Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa mgonjwa, na chama chake kilikwisha kutangaza waziwazi kuwa ni Korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Hata katika maradhi yake wananchi walipata ukweli ambao serikali iliwanyima.

Chanjo ilifika Julai 2021: dozi 1,058,400, sadaka ya Marekani. Hesabu ya watu ya 2022 ilitupata zaidi ya milioni 61. Ni dozi moja kwa kila watu 58! Na aliyeambiwa kuwa chanjo ni hatari, ataiaminije asubuhi moja?

Nachingwea yajua mambo yaamuliwayo mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa mpango wa karanga, wakajenga na reli. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na baadaye hata reli iking'olewa. Mkulima hakuulizwa ulipokuja, wala hakuulizwa ulipoondoka. Chanjo isiwe karanga ya pili.

Mei 2025 mataifa yalipitisha mkataba wa majanga ya maradhi, unaokusudia viwanda vitakavyoshiriki vitenge asilimia 20 ya dawa na chanjo kwa ajili ya ulimwengu. Ni jambo jema, lakini asilimia 20 iliyofika bandarini si dozi iliyofika kijijini Ruangwa. Kwa hiyo twadai matatu: hesabu ya wagonjwa na wafu itangazwe kila wiki, bei na mikataba isomwe Bungeni na Barazani, na mgao wa kila wilaya ubandikwe ukutani mwa zahanati, kila mtu ausome.

Nasi wenye maduka tuanze na nafsi zetu. Maradhi yakija tena, asiwepo miongoni mwetu wa kuficha sabuni wala barakoa akingojea bei. Anayedai mizani ya haki kwa wakubwa, na ya kwake iwe sawa.

Wabillahi tawfiq.