Kwa Nini Waombaji Kazi Hukosa Nafasi Baada ya Mahojiano



Kila Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti inapotangaza majina, lawama hufuata: "Wenyewe wameshagawana." Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Lakini wengi huanguka palepale mbele ya jopo. Mwombaji kazi ya afisa wa afya ya umma huulizwa atafanya nini kipindupindu kikizuka katika wadi yake. Naye hutaja digrii yake, chuo alichosomea na bidii yake. Vyeti si viko mezani tayari? Anayepata alama ni yule anayeeleza atakavyokagua maji wanayokunywa watu, atakavyopeleka sampuli maabara na kuwaarifu wakubwa wake siku hiyohiyo.

Wengine hufaulu na bado wakakosa, kwa kuwa nafasi ni mbili na waliofaulu ni kumi. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti.

Aliyekataliwa asikae na fununu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, hivyo aandike barua kuomba alama zake. Asiporidhika, anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, katika siku 90 tangu uamuzi ulipotolewa. Na nakala ya barua, yenye muhuri wa kupokelewa, aiweke.