Siye Huyo, Mwanangu: Juu ya Kusoma na Kusimulia Upya Ngano za Kale

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika sherehe za kumbukumbu ya kuanzishwa kwa hekalu letu, Nyakato, Mwanza



Kamati imeniomba nizungumze juu ya manufaa ya kusoma na kusimulia upya ngano na visasili vya mataifa. Mimi si mwalimu. Elimu yangu iliishia sekondari, na tangu hapo nimesimama nyuma ya kaunta nikiuza misumari, mabati na nyavu. Lakini katika jambo hili ningali mwanafunzi, na mwanafunzi huruhusiwa kueleza alipokosea. Basi nitaanza na makosa yangu.

Kosa la kwanza nililitenda mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Mwalimu alituagiza kila mmoja alete ngano kutoka nyumbani kwao. Bibi yangu, tuliyemwita Ba, alitusimulia visa vya Krishna kila usiku kwa Kigujarati, taa ikiwa imeshushwa utambi. Niliona haya kuvipeleka darasani; nilidhani wenzangu watacheka. Nikaokota kisa cha sungura katika kitabu cha kusomea, nikasema nimehadithiwa na bibi.

Siku hiyo hiyo mwenzangu wa Kisukuma alisimama akasimulia habari za Shing'weng'we. Majirani zetu mnaijua ngano hii kuliko mimi, lakini wapo vijana wetu wasioijua. Shing'weng'we lilikuwa zimwi lililowameza watu wote pamoja na ng'ombe wao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, naye ndiye Masala Kulangwa, jina ambalo wazee hulieleza kuwa ni mwenye akili aelewaye upesi. Alipopata fahamu aliuliza, "Mama, watu wako wapi?" Mama akamweleza. Mtoto akatoka kwenda kuliwinda zimwi, akarudi na panzi: "Mama, nimemuua!" Mama akasema, "Siye huyo, mwanangu. Huyo ni panzi." Akatoka tena akarudi na ndege. "Siye huyo, mwanangu." Akaendelea hivyo hadi siku alipolikuta zimwi lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Moyo ulinidunda nilipokuwa nikisikiliza, kwa sababu Ba naye alikuwa na kisa cha kumezwa. Nilitamani kunyoosha mkono niseme, "Hata kwetu ipo!" Sikunyoosha. Miaka michache baadaye nusu ya watoto wa Kihindi wa mtaa wetu walikuwa wamekwisha kuhama na wazazi wao, na Ba alifariki kabla sijamwomba anisimulie tena.

Kosa la pili ni la mwaka jana. Mjukuu wangu, aliye darasa la tano, alinijia jioni nikifunga hesabu za duka. Alikuwa amepewa kazi ile ile: alete ngano ya nyumbani, aiandike kwa Kiswahili na kuisimulia darasani. Nikasema moyoni, deni langu la miaka hamsini nitalilipa leo. Nikamsimulia jinsi Aghasura alivyojigeuza chatu mkubwa, akameza wachunga ndama, rafiki zake Krishna. Na jinsi Krishna alivyochukua kisu, akampasua chatu tumbo, akawatoa wenzake.

Jumapili mtoto alimsomea dada yangu mkubwa, aishiye Leicester, kwa simu. Dada alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniita nije kwenye simu. "Bhai," akasema, "Krishna alipata wapi kisu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa Krishna kisu cha Masala Kulangwa. Ngano ya jirani nilikuwa nimeisikia mara nyingi tangu utotoni. Ya bibi yangu sikuwa nimeitamka hata mara moja, nayo ikamomonyoka kimya kimya, bila mimi kujua.

Dada akatusahihisha. Kwanza, wale watoto hawakukamatwa. Chatu alilala na kinywa wazi, nao wakadhani ni pango, wakaingia wenyewe na ndama wao, huku wakicheka. Pili, Krishna hakupasua kitu kwa nje. Alijua ni nini kile, naye akaingia akawafuata. Alipofika kooni akaukuza mwili wake hadi pumzi ya chatu ikaziba, ikatafuta njia na kupasua utosi. Kisha akawaamsha wenzake kwa kuwatazama tu.

Ndugu zangu, tazameni nilichokuwa nimekipoteza. Nilidhani nimebadili kisu tu, kumbe nimeondoa maana. Kisa cha Ba kinasema kwamba maovu mengine huyaingia mtu mwenyewe akicheka, na kwamba mwokozi haachi wenzake, bali huingia walimoingia. Ngano ya Kisukuma inasema jambo lake, nalo ni zito vilevile: kwamba aliyezaliwa katika makapi, bila baba wala jirani, anaweza kujifunza kidogo kidogo hadi akatosha kuliokoa taifa. Zikichanganywa, zote mbili hupungua. Zikiwekwa bega kwa bega, kila moja huiangaza nyenzake.

Wala mwanzoni sikuijua ngano ya Kisukuma hadi mwisho wake. Mama mmoja, jirani yetu, alimweleza mjukuu wangu kwamba Masala Kulangwa alipokuwa akipasua tumbo lile, alimkata kikongwe mmoja sikio bila kukusudia. Kikongwe alitoka amekasirika, akamwandama kwa uchawi. Na kijana hakupumzika hadi alipopata dawa ya kuliponya sikio lile. Ndipo watu wakamfanya mtemi. Mimi ningekomesha ngano pale watu wanapotoka wakishangilia. Wazee wa Kisukuma hawakuridhika na hapo. Walitaka tujue kwamba hata afanyaye wema mkubwa anaweza kumjeruhi mtu, na jeraha hilo ni lake kulitibu. Nimefanya biashara miaka arobaini katika mji huu, nami nasema fundisho hilo lingenifaa mapema zaidi.

Wako watakaouliza kama ni halali kukitoa kisa katika lugha yake na kukiweka katika nyingine. Tazameni Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti. Kilifasiriwa kwa Kiajemi katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Ndani yake mna kisa cha kima na mamba aliyeutaka moyo wake. Mwaka 1870 Edward Steere alipochapisha London ngano alizozikusanya Unguja, kisa hicho kilikuwamo kwa Kiswahili, ila mamba amekuwa papa wa baharini. Kilivuka bahari kwa sababu kila aliyekipokea alikisimulia kwa lugha ya waliomzunguka.

Nasi tuna kielelezo hapa hapa ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kitabu chake kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akikiandika kwa Kikerewe ili mila za wazee zisipotee. Hakupata mchapishaji. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili kikatoka mwaka 1980, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini; mwaka uliofuata akafariki. Na tukishika barabara hii ya Musoma kuelekea Kisesa tunafika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ambako ngoma za watemi zimehifadhiwa. Wangapi kati yetu tumewahi kuingia?

Kwa hiyo naleta ombi moja. Jumapili moja kila mwezi, ukumbi huu ufunguliwe kwa saa moja ya ngano. Bibi zetu wasimulie kwa Kigujarati, wajukuu wafasiri kwa Kiswahili. Wazee wa Kisukuma, Kikerewe na Kijita waje pia wasimulie zao. Vijana waandike, na kila ngano ibebe jina la aliyeisimulia. Chai na daftari nitatoa mimi. Kazi ya wazee iwe ile ya mama wa Masala Kulangwa: kusikiliza kwa upole, na tukileta panzi, kutuambia, "Siye huyo, mwanangu."

Mjukuu wangu aliisimulia darasani ngano iliyosahihishwa. Nilimuuliza kama walicheka. Akasema walicheka, pale ndama walipoingia kinywani, kisha mmoja akanyoosha mkono akasema, "Hata kwetu ipo."