Basi la Kikundi Hula Hata Likilala

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kuzungumzia miradi ya usafiri. Tumeombwa tuyaandike ili hata wale ambao hawakufika wapate kuyasoma.

Sisi tumetoka Taita, kule juu milimani. Wengi wenu mmetuuliza, "Nyinyi mna basi, na sisi tunataka basi, mlifanyaje?" Tutawaeleza tulivyofanya, na pale tulipokosea tutapataja, kwa sababu pesa zilizopotea zilikuwa za mama wa kuuza mboga na za mzee aliyemwondoa ng'ombe wake zizini.

Kikundi chetu kilikuwa na watu 42. Tulianza na kununuliana mabati na sufuria, kisha tukanunua viti na hema za kukodisha kwenye harusi na matanga. Wale waliokodi viti wakaanza kuuliza, "Na gari la kubeba watu je?" Hapo ndipo tamaa ilipotuingia. Mwaka 2016 tukanunua basi dogo la abiria 33, lililokwisha kutumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifanya nalo kazi mjini.

Siku ya kuliona tulikwenda watu tisa, tumevaa vizuri kama waendao posa. Hatukuwa na fundi hata mmoja. Basi lilikuwa limeoshwa, matairi yamepakwa rangi nyeusi yakang'aa, na injini ilikuwa inanguruma tulipofika. Sisi tukafurahi, ati gari liko tayari. Kumbe huko kunguruma ndiko kungetushtua! Gari lenye shida ya kuwaka huwashwa mapema, likapata joto kabla mnunuzi hajafika. Siku hizi tukimsindikiza mwenzetu kununua, kwanza tunaweka mkono karibu na injini. Ikiwa na joto tunamwambia muuzaji kwa adabu, "Tutarudi kesho asubuhi, tafadhali usiliwashe." Akikasirika, tumepata jibu.

Injini ikiwa baridi ndipo fungueni radieta mtazame maji. Yakiwa na mafuta mafuta juu, ondokeni. Vuteni kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Kisha liwashwe, mmoja wenu asimame nyuma atazame moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si neno, lakini ukiendelea baada ya injini kupata joto na maji yakawa yanapungua, huenda gasketi ya juu imeungua. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini. Moshi mweusi mzito ni dizeli nyingi kuliko hewa. Pengine ni filta ya hewa imeziba tu, pengine ni pampu au nozeli, na bei ya hizo mbili haifanani hata kidogo na ya filta.

Halafu ingieni chini ya gari. Mkumbuke kwamba mabasi mengi ya hapa kwetu ni sasisi ya lori iliyojengewa bodi na mafundi wa bodi. Bodi inaweza kuwa mpya, inameta, na huku sasisi imechoka. Tazameni pale springi zinaposhikwa kama pana ufa, au pamechomelewa, au pamepakwa rangi mahali pamoja tu. Rangi mpya chini ya gari kuukuu inaficha kitu. Na mkilijaribu barabarani, mtu mzito wenu akae kiti cha mwisho kabisa. Kule nyuma gari halijui kusema uongo.

Sasa matairi. Ubavuni mwa tairi mtaona herufi DOT na mlolongo wa herufi na namba. Zile namba nne za mwisho ndizo umri wake: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2309, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Pengine namba hizo ziko upande wa ndani, basi inameni. Sisi hatukujua. Matairi yetu ya mbele yalikuwa na meno mazuri, marefu, tukasema haya yatatupeleka mbali. Mwezi wa tatu tangu tulinunue, tukitoka Voi kwenda Mombasa na watu wa harusi, tairi la mbele likapasuka. Dereva alilishika usukani, hakukanyaga breki kwa ghafla, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka likasimama kando. Hakuna aliyeumia. Tulipolitazama lile tairi, meno yalikuwa bado marefu lakini mpira ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Mpira unaliwa na jua na miaka, hata kama gari halitembei. Tangu siku hiyo matairi mapya zaidi tunayafunga mbele, na yale ya nyuma yanayokaa mawili mawili tunayagonga kwa mti kila asubuhi, kwa sababu moja likiisha upepo lile jirani yake hulificha, huku likibeba mzigo wote peke yake.

Hilo la tairi lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa la karatasi.

Tulipomaliza kulipa, muuzaji aliuliza, "Niliandikishe kwa jina la nani?" Tukatazamana. Kikundi kilikuwa na cheti cha usajili, lakini hatukuwa tumeuliza lolote kuhusu kumiliki gari. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwaminifu, tunasema hivyo hadi leo. Tukasema, "Andika jina la mwenyekiti." Mwaka 2018 mwenyekiti akafariki. Mjane wake hakutaka basi letu, wala watoto hawakulitaka, lakini sheria haiulizi moyo wa mtu. Gari lilikuwa kwa jina la marehemu, kwa hiyo likahesabiwa katika mali yake, na hakuna aliyeweza kulihamisha mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mirathi. Bima nayo ikaisha. Basi likalala chini ya mwembe miezi kumi na mmoja.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojua kwamba gari hula hata likilala. Betri zilikufa zote mbili. Matairi yalikaa upande mmoja mpaka yakapata bapa. Panya waliingia, wakazaa, wakatafuna nyaya za taa. Breki zilishikana na ngoma kwa kutu, hata tulipolivuta gurudumu moja lilikataa kuzunguka. Tangi lilikuwa na dizeli kidogo, basi ile nafasi tupu ikafanya jasho usiku na maji yakateremka chini ya dizeli. Gharama ya kulifufua ilizidi pesa zote tulizokuwa tumepata kwa mwaka mzima wa safari. Wanachama watano walitoka kikundini, na hatuwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo kabla hamjatoa hata senti moja ya rubuni, jibuni swali hili: litaandikwa kwa jina la nani? Sisi tuliandikisha kampuni ndogo ya wanachama. Kampuni ya binafsi hairuhusiwi kuzidi watu 50, nasi tumebaki 37, tukatosha. Chama cha ushirika kilichosajiliwa nacho huweza kumiliki mali kwa jina lake. Tafuteni wakili awaeleze njia inayowafaa. Pesa ya wakili iliuma wakati wa kuitoa, lakini ile ya mwembe iliuma zaidi. Na mtafute rekodi za gari lenyewe, siku hizi hupatikana kwa ada ndogo kupitia eCitizen, mwone kama muuzaji ndiye mwenyewe na kama gari halina deni la benki. Namba ya sasisi iliyo kwenye chuma iwe sawa na ile iliyo kwenye karatasi. Mtu asome kwa sauti, mwingine afuatilie kwa kidole.

Bima ni jambo tunalolisema upesi ila ni zito. Kuna bima ya gari la binafsi na kuna ya gari la kubeba abiria kwa malipo. Mkikodisha kwa malipo huku mna bima ya binafsi, siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na ile familia iliyoumia itawatazama nyinyi. Tena tangu kanuni za mwaka 2014, gari la abiria lazima liwe ndani ya sacco au kampuni yenye leseni, likaguliwe, na dereva awe na leseni ya kubeba abiria. Ada ya haya yote iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo.

Mwaka 2020 tulipata mtihani wa pili. Corona ilipoingia, mikutano na harusi zikakoma, na kuanzia Aprili hadi Julai hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Mombasa. Basi likalala tena, lakini mara hii sisi ndio tulililaza. Tulijaza tangi. Tulifungua waya hasi wa betri. Tuliacha hendibreki bila kuvuta, tukaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ili breki zisishikane. Tulifunika matairi kwa magunia yasipigwe na jua, na kila baada ya wiki mbili tulirudisha waya, tukaliendesha kijijini mpaka injini ikapata joto sawasawa. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii, kunaongeza tu maji kwenye ekzosi. Lilipoitwa tena kazini, lilitoka siku hiyo hiyo. Mama mmoja alilia.

Dereva mwajirini kwa jinsi anavyoteremka, si kwa jinsi anavyokimbia. Barabara yetu ya Wundanyi kushuka Mwatate ni kona juu ya kona. Dereva anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha, na breki iliyochemka haishiki hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Anayejua huingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, injini ikashika gari, na breki akazigusa kidogo tu kwenye kona. Anayeweka gia huru ati anaokoa dizeli, mwacheni hapo hapo. Sisi tulimwacha mmoja, naye alikuwa mpwa wa katibu. Mkutano wa siku hiyo haukuwa mtamu.

Kuna jambo ambalo mabroka hawatawaambia. Basi la kikundi si gari tu, pengine ni nyumba. Mkipeleka kwaya mbali au waombolezaji kwenye mazishi, watu watalala humo, watafunga madirisha kwa ajili ya baridi na mbu, na mtu ataleta jiko la makaa ndani. Msikubali kamwe, hata kama makaa yameshika vizuri na hayatoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala hawaamki. Jiko likae nje, mbali na mlango, na mtungi wa gesi usilale ndani pamoja na watu. Wala injini isiachwe inanguruma usiku ili watu wapate joto. Madirisha mawili yaachwe wazi kidogo, na anayeona baridi aongezewe blanketi.

Sasa pesa. Zamani tulikuwa tukirudi safari, tunatoa dizeli na dereva, kinachobaki tunagawana. Tulijiona matajiri mpaka giaboksi ilipoharibika, tukapita nyumba kwa nyumba na daftari. Leo mweka hazina hugawa namna hii: dizeli na dereva kwanza, halafu fungu la basi, halafu bima na leseni, na sisi mwisho. Fungu la basi liko kwenye akaunti yake yenye watia sahihi watatu. Kwa sababu ya milima tunabadilisha oili na filta kila kilomita 5,000, na kila kazi inaandikwa kwenye daftari moja: tarehe, kilomita, spea, bei, jina la fundi. Miezi mingine hatugawani kitu. Mwezi uliopita kila mmoja alipata shilingi mia nne tu, na kulikuwa na manung'uniko, hatutawaficha.

Kuna aliyeuliza kama ni bora kukopa au kungoja mpaka pesa zitimie. Hilo tutalizungumza baada ya chai, maana sisi wenyewe bado hatujakubaliana. Basi liko pale nje, chini ya kivuli, na injini imeshapoa. Anayetaka kuingia chini aje, gunia la kulalia tumeleta.