Ku- na Ng' katika Faharasa: Skripti Ndogo ya Kupanga Vidahizo vya Miongozo ya Programu



Nimeombwa nizungumzie faharasa za miongozo ya programu inayopangwa kwa TeX. Ya msingi nitayapita haraka. Faharasa ni orodha ya vidahizo na kurasa vinakopatikana. Donald Knuth alipoeleza mwaka 1984 namna ya kuandika programu isomeke kama maandishi ya binadamu, mfumo wake wa WEB ulitoa faharasa ya majina ya msimbo wenyewe, na namba ya mahali jina lilipotangazwa ikapigiwa mstari chini. Baadaye watumiaji wa LaTeX wakapata makeindex ya Pehong Chen. Nitakayosema ni maoni yangu. Ofisi yangu haijayapitisha.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Zana hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya lugha ambayo mwanzo wa neno ndio unaobadilika.

Miaka kadhaa iliyopita tulitoa kwa Kiswahili mwongozo wa programu ya hesabu. Skripti yangu ya kwanza, ya awk, ilikuwa na kanuni moja: kidahizo kikianza na ku-, ikate, kisha panga kwa kinachobaki. Kufungua likaenda F, kuhifadhi likaenda H, kama mtu aliyezoea kamusi anavyotegemea. Mwongozo ukachapwa. Mhasibu mmoja akapiga simu: anatafuta kumbukumbu, kwenye K haipo. Nikafunua nakala yangu. Ilikuwepo, chini ya M, kati ya mbinu na mchoro. Skripti ilikata ku-, ikabaki na "mbukumbu", ikapanga kwa hilo. Kurasa nazo zilikuwa R.

Nikaunda orodha ya maneno yasiyokatwa: kumbukumbu, kurasa, kundi, kushoto. Kila mwongozo mpya ukaleta mengine. Kilichonishinda kabisa ni kulia. Kuna kulia kwa upande wa kulia wa skrini, na kuna kulia kwa kifaa kinapotoa mlio wa tahadhari. Herufi ni zilezile, sauti ni ileile, na katika faharasa kila moja lina mahali pake: la kwanza K, la pili L. Hakuna orodha itakayoyatenganisha, kwa kuwa tofauti yake haimo katika neno. Anaijua mwandishi peke yake, wakati anaandika.

Kisha kuna ng'. Ukiiachia amri ya sort ipange kwa thamani za baiti, ritifaa iliyonyooka ina namba 39, na herufi a ina 97. Kwa hiyo ng'oa hutangulia ngazi. Mchapaji akiweka ritifaa iliyopinda, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu na ya kwanza ni 226, ng'oa hiyohiyo hurukia nyuma ya nguzo. Na mashine iliyowekewa kanuni za Kiingereza mara nyingi huipuuza ritifaa, ikaliweka neno katikati. Nimeona katika mwongozo mmoja kung'oa programu kukiwa na vidahizo viwili, kimoja uk. 12, kingine uk. 47, kwa sababu waandishi wawili walitumia kibodi mbili. Msomaji aliyeona cha kwanza hakuwa na sababu ya kutafuta cha pili. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Skripti ya sasa imepungua hadi mistari michache, maana imeacha kubahatisha. Mwandishi huandika kitenzi ndani ya amri yake maalumu, na amri hiyo hutoa ufunguo wa kupangia bila ku-, ikiacha neno zima lionekane kwa msomaji: fungua@kufungua. Skripti hunyoosha ritifaa, kisha hugeuza ng' kuwa ngzz ndani ya ufunguo tu. Hakuna neno la Kiswahili lenye ngzz, kwa hiyo maneno ya ng' hukaa pamoja baada ya yote ya ng. Makeindex humaliza kazi.

Napendekeza, kwa heshima, kwamba waandishi waweke alama ya kitenzi tangu rasimu ya kwanza, si baada ya kupanga kurasa. Vidahizo vya nomino viwe katika umoja: ukurasa, si kurasa. Ritifaa ya ufunguo iwe moja, iliyonyooka, kwa waandishi wote. BAKITA na BAKIZA waombwe kutamka ng' ikae wapi. Uamuzi wangu wa kuiweka baada ya ng ni wa kazi tu, na niko tayari kuubadilisha. Mashine zote za ofisi moja zipange kwa kanuni moja. Bajeti ya kila mwongozo itenge siku ya mtu kusoma faharasa kwa macho, kidahizo kwa kidahizo, kabla ya kwenda mtamboni. Na narudia, kwa sababu nimelisema kwenye vikao vingi: kitenzi kiwekewe alama na mwandishi mwenyewe. Skripti isikisie.

Faili la majaribio, lenye kulia zote mbili, liko kwenye kompyuta ya hapa mbele. Anayelihitaji alinakili kabla hatujaenda kula.