Jina Lililomo Katika Kitabu cha Mbweni



Shajara yetu ya nasaba ifikapo kwa bibi mzaa babu, huandikwa "wa Unguja", kisha kimya. Nami niliyezeekea katika mafaili ya serikali, hayo hayakunitosha. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini magendo yaliendelea. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, mengine yakielekea huku huku Arabuni tulipo leo. Baadhi ya watoto waliookolewa walikabidhiwa misheni ya UMCA. Wasichana wakalelewa Mbweni, na makasisi wakawaandika katika vitabu vya ubatizo.

Humo yumo bibi yetu: jina la Kizungu, na kando yake neno moja, "Myao". Jina alilopewa na mamaye halimo. Baadaye alisilimu na kuolewa, na jina lake la tatu ndilo tulijualo.

Wako miongoni mwetu wasiopenda utumwa wala kanisa vitajwe katika shajara. Nawaheshimu, karatasi, hata hivyo, haioni haya. Naomba aandikwe kwa majina yote mawili, pamoja na Uyao wake.

Mlioko Maskati na Mombasa, mwenye cheti chake cha nikaha aniletee nakala kabla hatujatawanyika.