Bembea, Lakiri na Kerezo: Maneno ya Kamati ya Samani katika Sherehe ya Hekalu Letu



Tumeombwa tuseme habari ya bembea. Wengi mmekwisha kuichangia, na mwenye kuchangia ana haki ya kujua fedha yake inakwenda wapi. Bembea yenyewe ni ile ambayo Krishna mchanga huwekwa na kubembezwa usiku wa kuzaliwa kwake. Tumeazimia iwe ya mbao zilizotiwa lakiri, kama zilivyo bembea za Gujarat tangu enzi za mababu. Kwa hiyo suala lililo mbele yetu si uzuri wake, bali ni nani ataitengeneza na itafikaje Tukuyu.

Neno lakiri si geni. Wazee waliofanya kazi mahakamani na posta wanaikumbuka nta nyekundu iliyoyeyushwa na kugandamizwa muhuri juu ya bahasha. Lakiri ya mbao hutokana na mdudu mdogo wa misitu ya India, ambaye hufyonza utomvu wa matawi na kujifunika kwa ute unaoganda. Ute huo hukwanguliwa, huoshwa, huyeyushwa na kuchujwa. Pwani yetu nayo ilikuwa na sandarusi, iliyotoka Unguja kwenda Bombay na hata Marekani kutengenezewa vanishi. Lakini sandarusi ni utomvu wa mti, lakiri ni kazi ya mdudu. Wasomaji wa Mahabharata wataikumbuka nyumba ya lakiri ambayo Duryodhana aliagiza ijengwe ili Wapandava wateketee ndani yake. Basi jihadharini: lakiri huyeyuka kwa joto. Kikombe cha chai ya Rungwe kikiwekwa juu yake kingali kimoto kitaacha duara ambalo halifutiki kwa kitambaa.

Mji wa Sankheda, karibu na Vadodara, ndio wenye sifa ya samani hizi. Mafundi wake ni ukoo wa wakereza mbao, na jina lao, Kharadi, latokana na kazi yenyewe ya kerezo. Kwanza mguu au nguzo hukerezwa kwa msaji mkavu. Kisha fundi huchora maua na mistari kwa rangi ya bati lililosagwa, huisugua kwa jiwe la akiki hata ing'ae kama fedha, ndipo juu yake hutia lakiri. Ile fedha, ikitazamwa kupitia lakiri, huonekana dhahabu. Hakuna dhahabu hata punje moja, na sisi twaona huo ndio ufundi ulio bora kuliko dhahabu.

Lakiri haipakwi kwa brashi. Fundi hushika kijiti cha lakiri iliyochanganywa na rangi, akakigandamiza juu ya mti unaozunguka kwenye kerezo. Msuguano huleta joto, joto huyeyusha, na rangi hushika. Halafu hung'arisha kwa jani la mmea wa jamii ya mkadi, ule ule ambao wenzetu wa pwani wanaujua kwa maua yake yenye harufu nzuri. Kutokana na hayo twapata kipimo kimoja kinachofaa: lakiri ya kerezo hushika penye mviringo tu. Mtu akikuonyesha ubao mpana, bapa, akasema umetiwa lakiri kwa kerezo, muulize kwa upole umezungushwaje.

Tunalisema hili kwa sababu mfanyabiashara mmoja alituletea picha za bembea nzuri mno, zenye jina la Sankheda, kwa bei iliyotushangaza kwa unafuu. Tulipouliza rangi ni ya nini, jibu lilikuwa la mafumbo. Nchini India jina la Sankheda si la mtindo. Limesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1999 ya alama za kijiografia, iliyoanza kutumika mwaka 2003. Vivyo hivyo vitu vya kuchezea vya Channapatna, mji ulio kwenye njia ya Bengaluru kwenda Mysuru, ambavyo rangi zake za asili, manjano ikiwamo, hazimdhuru mtoto anayevitia kinywani. Anayelipia jina anapaswa apate kazi ya mkono wenye jina.

Majirani zetu wa Rungwe mnayaelewa mambo haya kuliko sisi. Parachichi lenu linavuka bahari, na mkulima anajua kwamba tunda lililochumwa kabla ya wakati wake linashusha jina la kijiji kizima. Mbao nazo ni hivyo hivyo. Mti usiokauka sawasawa hukerezwa leo, hupasuka kesho, na lakiri hupasuka pamoja nao.

Iko jambo lililotusumbua zaidi ya bei. Samani za Sankheda ni za msaji, na India ni mnunuzi mkubwa wa msaji duniani. Msaji wa Tanzania, kutoka mashamba kama Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, nao husafirishwa kwenda India. Kwa hiyo yawezekana kabisa gogo la Muheza lipande meli, likerezwe Gujarat, kisha lirudi bandari ya Dar es Salaam likiwa kiti, nasi tulipie safari zote mbili. Hatumlaumu fundi wa Sankheda. Yeye ndiye aliyelipa gogo thamani. Twajiuliza tu kwa nini Tukuyu, penye mafundi seremala kila mtaa, hapana kerezo la lakiri hata moja.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Nguzo nne na vijiti vya pembeni viagizwe moja kwa moja kwa mafundi wa Sankheda, na malipo yafanywe kwa awamu dhidi ya kazi iliyoonekana. Samani hizi huungwa kwa vipande, hivyo zitafungwa zikiwa zimefunguliwa na nauli itapungua. Sanduku la mbao litiwe joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa chapa, kama kanuni ya kimataifa inavyotaka ili wadudu wa mbao wasisafiri nalo. Nalo litiwe joto likiwa tupu, kabla ya lakiri kuingia ndani! Kiti cha bembea na fremu ya kuning'inizia vitengenezwe hapa hapa na mafundi wa Tukuyu. Katika barua ya kuagiza tutaomba pia vijiti vichache vya lakiri na maelezo ya kazi, ili kijana mwenye kerezo ajaribu.

Mzigo ukifika, tusiwe na haraka. Kwetu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mti uliozoea ukavu wa Gujarat utavimba. Vipande vifunguliwe na kulazwa ukumbini majuma kadhaa, mbali na ukuta wenye unyevu, ndipo viungwe. Maji yakituama juu ya lakiri huifanya iwe nyeupe kama ukungu wa asubuhi juu ya Mlima Rungwe, ila ukungu wa mlima huondoka jua likipanda.

Vipimo vya nguzo na vya kiti vimebandikwa mlangoni mwa ukumbi. Seremala yeyote, awe muumini wa hekalu hili au jirani, aje avisome, apime mahali penyewe, na alete bei yake kwa katibu kabla ya mvua za Novemba.