Safari ya Milimani: Mwili wa Pwani Ujiandae

Walengwa: Akina mama na walezi

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Nawasalimu nyinyi mlioko Marikiti, Kibokoni na Mji wa Kale wote, na wenzetu wa ng'ambo ya Likoni na Nyali. Uliye sokoni unachagua viungo, sogea karibu na redio ya muuzaji. Uliye nyumbani unapepeta mchele, endelea na kazi yako. Mimi nipe sikio tu.

Mada yetu ya leo ni safari ya milimani. Zamani likizo ya watu wa Mombasa ilikuwa kwenda Lamu au kuzuru jamaa Unguja. Siku hizi ikifika Agosti, bwana na bibi wanapakia gari, wanashika njia ya bara kwenda kutembea misituni, kupanda miamba na kulala kwenye hema. Ni jambo jema. Kutembea kunatia moyo nguvu, kunasaidia kuteremsha sukari na presha, na watu wawili wanapata nafasi ya kuzungumza bila simu kulia. Mimi sikatazi mtu.

Lakini tukumbuke jambo moja. Sisi tumekulia usawa wa bahari. Mwili wa Pwani unajua jua, jasho na mbu. Haujui baridi ya mlimani, wala hewa nyepesi ya huko juu. Kwa hiyo ninachotaka ukishike leo ni hiki: ujue mwili wako utakutana na nini, na ujue dalili zipi zikitokea unageuka na kushuka hapo hapo, bila kuona haya.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi wenye watoto wawili: mmoja ana miaka 6, mwingine ana miezi 7 na bado ananyonya. Wamepanga kulala Wundanyi katika milima ya Taita, kisha Naivasha kupanda miamba, na mwisho Mlima Kenya. Je, nani aende, nani abaki?

Kabla ya kuondoka

Mtoto wa miaka 6 wanaweza kumwacha na nyanya yake. Lakini usimwachie nyanya mtoto na pesa ya mkate tu. Mwachie kile kijitabu cha kliniki, nambari ya SHA, majina ya dawa anazotumia mtoto na kiasi chake, na nambari ya simu ya mtu wa karibu mwenye gari. Mwambie waziwazi: mtoto akishikwa na homa, asimpe vidonge vilivyobaki kabatini. Apelekwe kupimwa malaria siku ile ile.

Wa miezi 7 anakwenda alipo ziwa la mama. Taita anaweza kwenda. Naivasha pia anaweza. Mlima Kenya, la. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Huko juu dalili zake ni kulialia, kukataa ziwa na kukosa usingizi, na mama atadhani ni meno. Basi ama mama abaki chini na mtoto, ama mlima ungoje mpaka atakapoacha kunyonya. Mackinder na wenzake walifika kilele cha Batian mwaka 1899, na mlima bado uko pale pale. Mlima haukimbii.

Mama mjamzito naye asipande mlima mrefu. Hata matembezi ya vilima vya kawaida, azungumze kwanza na kliniki yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili linatuhusu sana sisi wa Pwani. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima mrefu. Hewa nyepesi, baridi na kiu, yote matatu humwamshia maumivu makali na yanaweza kuhatarisha maisha yake. Hata aliyerithi chembe kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, akifika juu sana wengu linaweza kudhurika. Maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu yakimjia, ashuke na aende hospitali. Kama kwenu kuna mwenye ugonjwa huu na hujui hali yako, pima kabla ya safari. Mwenye pumu, moyo au presha amwone daktari kwanza, na dawa zake zikae mfukoni, si chini ya mizigo.

Njiani

Kutoka Mombasa mpaka Voi ni kama kilomita 150. Safirini mchana. Usiku barabara ile ina malori mengi, na kupita Tsavo ndovu huweza kuvuka mbele ya gari. Kila mtu afunge mkanda. Mtoto akae kiti cha nyuma, asipakatwe kiti cha mbele. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili. Wengi wetu husimama Mackinnon Road, penye msikiti wa Sayyid Baghali. Ni mahali pazuri pa kusali, kunyoosha miguu na kumnyonyesha mtoto.

Chakula cha njiani kiwe kikavu, kisichoharibika upesi. Pale Marikiti utapata tende, njugu, ndizi na machungwa. Ongeza mayai ya kuchemsha ya kula siku ile ile. Wali wa nazi uliopikwa jana na kukaa ndani ya gari lenye joto ni mwaliko wa kuhara.

Milima ya Taita: baridi na maji

Ukifika Voi unashika njia ya Mwatate, kisha unapanda kona kwa kona mpaka Wundanyi. Kilele cha Vuria kina mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa si nyepesi ya kutisha, lakini baridi ipo. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua takriban nyuzi 6. Mombasa ikiwa nyuzi 27, Vuria itakuwa kama 14, tena mchana. Usiku, pamoja na ukungu na manyunyu, ni chini ya hapo.

Leso zetu ni nzuri kwa mambo mengi: kumbeba mtoto, kufunga mkono uliovunjika, kujikinga na jua. Lakini leso ni pamba, na pamba ikilowa inanyonya joto la mwili. Beba nguo za sufi. Nenda Kongowea kwenye mitumba, utafute sweta, soksi nzito, kofia ya kufunika masikio na koti lisilopitisha maji. Mtoto mchanga afunikwe kichwa, kwani joto lake jingi hupotelea huko.

Utamjuaje mtu aliyeingiwa na baridi? Anatetemeka, anajikwaa, maneno yanamtatiza. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, na mkumbatie kifua kwa kifua. Kama yuko macho vizuri na anaweza kumeza, mpe chai ya tangawizi yenye sukari. Mchanga awekwe ngozi kwa ngozi kifuani pa mama na aendelee kunyonya. Usimsugue mtu mikono na miguu kwa nguvu. Na akiacha kutetemeka huku anazidi kulegea, usifurahi ukadhani amepona; hiyo ni hatari zaidi, apelekwe hospitali mara moja.

Maji ya vijito yanavutia, lakini usinywe bila kuchemsha. Yaache yatokote dakika 1 nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Beba pakiti za ORS. Zikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji safi. Mtoto anayehara aendelee kunyonya. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani au kinyesi kikiwa na damu, vunja kambi uende hospitali. Voi kuna Hospitali ya Moi, na kule Wundanyi kuna Hospitali ya Wesu.

(Muziki mfupi)

Jiko ndani ya hema

Wasikilizaji, hapa naomba hata anayekaanga mahamri ateremshe karai kidogo.

Baridi ya usiku ikizidi, mtu wa Pwani hufikiria jiko la makaa. Anasema, "Tuliingize hemani, tufunge zipu, mtoto apate joto." Mama mwenzangu, usifanye hivyo kamwe! Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anashikwa na usingizi, na usingizi ule hauamki. Kufungua dirisha dogo la hema hakutoshi. Makaa yanayoonekana kufifia bado yanatoa sumu.

Pikeni nje, jiko libaki nje. Ndani jipashe joto kwa nguo kavu, blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, isimguse mtoto. Ukiamka na watu wawili hemani wanaumwa kichwa kwa pamoja na jiko lilikuwa ndani, toeni kila mtu nje kwenye hewa safi, kisha hospitali.

Naivasha: miamba na korongo

Katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna mwamba uitwao Fischer's Tower ambao watu huupanda kwa kamba. Panda na mtu aliyefunzwa, kwa kamba nzima na kofia ngumu. Anayengoja na mtoto asikae chini ya mwamba, kwa sababu mawe huanguka.

Mtu akianguka, usimvute wala usimnyooshe kiungo kilichopinda. Kifunge kama kilivyo kwa kijiti na leso. Akiwa ameumia kichwa, kisha akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa, ni hospitali, si mafuta ya kuchua.

Mbuga ile ina korongo jembamba. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliua vijana 7 waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa. Septemba 2019 mafuriko yaliua tena watu 7. Mvua huweza kunyesha mbali, juu yako jua linawaka, na maji yakakukuta ndani. Kabla ya kuingia korongo lolote, waulize maaskari wa KWS kama liko wazi na kama ni salama. Wingu likitanda, usiingie. Wala usipige hema kwenye mkondo mkavu.

Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Mlaze atulie, kiungo kisitikiswe, mvue pete na bangili, mkimbize hospitali.

Mlima Kenya: hewa nyepesi

Sasa bwana wetu anataka kufika Point Lenana, mita 4,985. Huko kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni anayovuta hapa Marikiti. Kijana mwenye nguvu anaweza kuugua, na mzee aliyekwenda polepole akafika salama. Nguvu si kinga. Kinga ni mwendo. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Kambi za njia ya Sirimon ni Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton's, mita 4,200. Hesabu mwenyewe: kutoka moja hadi nyingine kwa siku moja ni mita 900. Ndiyo maana siku za ziada si pesa iliyopotea.

Kichwa kikiuma, chakula kisipopendeza, kichefuchefu na kizunguzungu vikija, usipande zaidi. Pumzika hapo mpaka viishe, visipoisha, shuka. Mtu akiyumba kama mlevi, akipayuka, akihema hata akiwa amekaa, au akikohoa mate yenye povu, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kushuka. Na bibi aliyebaki Nanyuki na mtoto ajue siku na saa bwana atakayorudi, ili akichelewa awaarifu KWS mapema.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, mtoto mchanga, mjamzito na mwenye selimundu hawapandi mlima mrefu.
Pili, nguo za sufi, na nguo iliyolowa ivuliwe upesi.
Tatu, jiko halilali hemani.
Nne, maji ya kunywa yachemshwe, na korongo usiliingie mvua ikitishia.
Tano, dalili ikija, geuka ushuke.

Mkisharudi nyumbani, atakayepata homa katika majuma yatakayofuata apimwe, na amweleze daktari alikotembea.

Mama, mwanao na mkewe wakikuaga kwenda milimani, usiwape dua peke yake. Waulize kama wameniskiliza leo, na waambie kwamba aliyegeuka njiani hajashindwa. Mlima utamngoja, na watoto wake pia wanamngoja.

Tukutane kipindi kijacho panapo majaliwa. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga kipindi)